Aliyechomea Ndiye Anayeshuka

Vijana wa gereji mmenisumbua tangu siku niliyorudisha ufunguo wa stoo: Mama Upendo, andika, usiondoke na mambo yako kichwani. Haya, naandika. Ila msitegemee hadithi ya ushujaa. Mimi ni mwoga. Nilikuwa mwoga siku ya kwanza niliposhika pasi ya kuchomea, na nimestaafu nikiwa mwoga. Ninyi mnaofungua kontroli boksi za watu huku mmeziba masikio kwa muziki, kama kuna kitu nataka kuwaachia ni huo woga. Habari za vyeo na mishahara waulizeni wengine, wapo wanaozipenda.

Nilishuka mjini kutoka Kirua Vunjo nikiwa msichana, nina cheti kipya cha umeme wa magari na viatu vya dada yangu vilivyokuwa vikinibana. Fundi mkuu wa umeme pale gereji alikuwa Mzee Kalisti, mtu wa Kilema, mfupi, mwenye kofia ya sufi kichwani hata jua la Moshi likiwa limewaka kweli kweli. Wakati ule hakuwa mzee kwa umri, lakini jina la Mzee alishapewa kwa sababu ya ukimya wake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye redio aliyokuwa ameipasua, kisha akaniambia nifungue droo ya chini nimletee risasi.

Nikasimama kama nguzo. Nyumbani kwetu risasi ilikuwa kitu cha askari, na cha wale watu waliokuwa wakitajwa kwenye taarifa ya habari baba akituambia tunyamaze. Niliwaza: ee Mungu wangu, nimeingia kwa majambazi, na mama keshaniaga kwa sala. Droo niliifungua kwa ncha za vidole, nikakuta koili ya waya laini wenye rangi ya fedha, bisibisi mbili na kipande cha ndizi ya kuchoma. Nikarudi nikasema hakuna risasi. Mzee akainuka mwenyewe, akachukua ule waya, akauweka kwenye kiganja changu akanifumbisha vidole.

"Hii ndiyo risasi," alisema. "Na ukiichezea, inaua vilevile."

Gereji nzima ilicheka, na kwa muda mrefu niliitwa Risasi. Mimi sikucheka. Lile neno liliniingia, na mpaka leo nikishika koili mpya ya lehemu namsikia.

Enzi zile kazi ya kuchomea ilikuwa ndogo: redio, dashibodi, alternata, hayo tu. Mzee alinifundisha kwa kunizuia. Siku nyingi za mwanzo nilikuwa nasafisha tu, kwa spiriti na mswaki wa zamani, mpaka shaba ing'ae. Kisha nikaruhusiwa kupasha moto bila kuweka risasi. Alisema watu wengi wanapasha risasi, wakati kinachotakiwa kupashwa ni shaba, risasi itafuata yenyewe. Ukipasha kidogo, inakaa juu kama tone la mvua kwenye jani la mgomba. Umeiona ipo, lakini haijashika. Ukipasha sana, njia ya shaba inabanduka kwenye bodi, na hapo umemuua mgonjwa kwa dawa. Kiungio kizuri kinapanda mguu wa pini taratibu, kinang'aa, na kina kiuno. Kibaya kina ukungu. Haya yote mnayaona kwenye simu zenu siku hizi, lakini kwenye simu hamchomwi vidole.

Sheria yake kubwa hakuiandika popote. Aliisema mara ya kwanza siku nilipochomea kiungio changu cha kwanza kwenye pikapu ya shamba moja la kahawa la kule juu. Nilipomaliza nikaanza kufuta mikono, akaniuliza naelekea wapi. Nikasema nimemaliza. Akasema bado, panda gari.

Mnajua mji wetu ulivyo. Nusu ya wateja wanaishi mlimani, na gari lolote unalolitengeneza hapa mjini lazima siku moja lishuke kutoka kule, kwenye kona zile, upande mmoja ukuta wa udongo na upande mwingine korongo lenye migomba chini yake. Kwa hiyo kwa Mzee Kalisti fundi haruhusiwi kusema gari limepona akiwa amesimama kwenye saruji. Aliyechomea ndiye anayeshuka. Unapandishwa mpaka nyumbani kwa mwenye gari, unageuzwa, unashuka naye ukiwa umekaa mbele, kushoto kwa dereva. Kama kazi yako ni mbaya, utakuwa wa kwanza kujua.

Siku ile nilishuka nimefumba macho. Mzee alikuwa amekaa nyuma kwenye bodi ya pikapu, juu ya magunia, na sijui alinionaje, akagonga kioo na kuniambia nifumbue. Nikifumba, aliuliza, nani anaiangalia kazi yangu? Nikafumbua, na tangu hapo kila nilichokichomea nimeshuka nacho macho wazi, mkono umeshika mlango. Wenzangu wa zamani watakumbuka nilivyokuwa nikitapika Kilema Pofo kabla hata hatujafika chini. Wakinitania kuwa nina mimba, niliwaambia ndiyo, ya gari lenu.

Halafu zikaja kontroli boksi. Magari ya Kijapani yakajaa barabarani, na kila moja lina kisanduku cha bati chini ya dashibodi kinachoamua mafuta yaingie lini na cheche iruke lini. Wateja walikiita kompyuta, Mzee alikiita ubongo. Kikiharibika, mafundi wengi walikuwa wakisema nunua kingine. Nenda basi kanunue. Cha skrepa kinafanana kila kitu, ukikifunga gari halikijui, ufunguo unakataa, taa inakukonyeza tu. Ndipo mimi na Mzee tukaanza kuvifungua, tukakuta mara nyingi ubongo wenyewe ni mzima; kilichochoka ni risasi. Barabara mbovu inatikisa, joto linatanua, baridi inabana, na baada ya miaka kiungio kinapata ufa mwembamba unaozunguka pini, mwembamba kuliko unywele. Macho hayauoni. Inatakiwa lenzi, na mwanga wa pembeni, na mtu asiyetaka kwenda nyumbani.

Zipo kazi nilizokataa, na nawaomba mzikatae. Kisanduku cha mifuko ya hewa, ile inayofura kumlinda dereva gari likigonga, nilikigusa mara moja tu. Fundi mwenzetu wa upande wa pili wa mji alikirudisha bila kuchomoa betri kwanza, akawasha ufunguo huku amekaa kwenye usukani, mfuko ukamlipukia usoni. Nilikwenda kumpa pole hospitalini. Alikuwa hana meno ya mbele, na alikuwa anacheka, kwa sababu hakusikia tunamwambia nini. Nilirudi nyumbani nikaiweka pasi kabatini wiki nzima.

Mzee Kalisti alistaafu kabla yangu, akarudi kihambani kwake Kilema, shamba la ukoo wao, kupalilia kahawa na kugombana na ng'ombe wake mmoja. Mimi niliendelea gereji, na kazi za kuchomea nikawa nazifanya nyumbani Rau, kwenye meza ya barazani, kwa kuwa gereji ina vumbi na ina ninyi. Tulikuwa tunaonana Krismasi na kwenye misiba. Kisha nikasikia figo zake zimegoma, na kwamba Jumatatu, Jumatano na Ijumaa binti yake Yasinta anamshusha Moshi hospitali kusafishwa damu. Siku moja akiikosa anavimba, akikosa mbili tunazungumza habari nyingine. Basi maisha ya mzee wangu yakawa yanategemea gari dogo jeupe la otomatiki la Yasinta, mwalimu wa shule ya msingi, mjane, mtoto pekee aliyebaki nyumbani.

Na gari likaanza kuzima.

Lilikuwa na tabia ya ajabu, na tabia hiyo ndiyo iliyozaa maneno. Kupanda, halina neno. Mjini, halina neno. Lakini asubuhi, likimchukua Mzee kutoka nyumbani, likishuka kona za juu, linakata moto ghafla. Ninyi mnajua maana yake, lakini nawaandikia na wale wasiojua: injini ikikata kwenye mteremko usukani unakuwa mzito kama jiwe, na breki inakupa mikanyago michache tu kabla pedeli haijagoma kushuka. Mara ya kwanza Yasinta alivuta hendibreki akalilaza gari kwenye ukuta wa udongo. Mara ya pili lilisimama kwenye kona iliyo juu ya korongo, matairi yamekanyaga majani ya ukingoni, na Mzee ndani yake, rozari mkononi. Gari la kukodi walijaribu, lakini la kukodi leo lipo, kesho lina harusi, keshokutwa dereva hapokei simu.

Mafundi walilipima gari hilo mjini na kusema ni zima. Wote walilipima mchana, Moshi, kwenye joto. Hilo ndilo kosa letu sisi watu wa hapa: tunaishi kwenye baridi na joto vinavyotenganishwa na safari fupi tu, halafu tunasahau. Gari linalougua mlimani tunalipima bondeni.

Ukoo ukatafuta maelezo yake. Shangazi wa Yasinta alisema wazi kwamba gari linakataa kumtoa mzee nyumbani. Kwamba wazee waliolala pale kihambani hawataki afie mjini kwenye mashine, na mtu mwenye akili angesikia. Wakafunga jani la isale kwenye kioo cha ndani, kama sisi Wachagga tunavyoomba radhi na amani. Padri naye akaombwa alinyunyizie maji ya baraka, akanyunyizia mpaka chini ya dashibodi, jambo ambalo mimi kama fundi wa umeme na tena Mlutheri sikulifurahia.

Yasinta aliniletea gari Rau siku ya Alhamisi. Mzee alikuwemo, alikuwa ameng'ang'ania kuja. Nilipomwona nilishtuka, alikuwa amebaki kofia na macho. Nilimwamkia nikaenda jikoni kujifanya natafuta vikombe, nikalia kidogo, nikarudi.

Tulikaa barazani tukawaza pamoja, kama zamani. Linazima likiwa baridi, likipata moto linapona, na linazima penye matuta. Mzee aliangalia juu akasema polepole kwamba ubongo unasikia baridi. Nikachomoa betri, nikaitoa kontroli boksi, nikaifunga ndani ya mifuko ya nailoni ili isipate unyevu, nikaiweka kwenye friji katikati ya maziwa na mtori wa jana. Tukanywa chai, tukaingoja. Ilipopoa sawasawa niliirudisha haraka, Yasinta akawasha, na mimi nikaigonga taratibu kwa mpini wa bisibisi. Injini ikakata.

"Limezima!" Mzee alisema. "Bwana asifiwe."

Ndiyo siku pekee niliyoona watu wakimshukuru Mungu kwa gari kuzima. Yasinta alikuwa anacheka na kulia, kwa maana ugonjwa ulikuwa umepata jina, na halikuwa jina la babu yake yeyote.

Nilifungua bati, nikakata gundi inayoziba ukingo, nikaiweka bodi chini ya lenzi. Ufa ulikuwepo, duara kamili kwenye miguu ya rilei kubwa, ile inayopitisha umeme wa injini nzima. Nikanyonya risasi ya zamani kwa pampu, nikasafisha, nikapaka dawa, nikapasha shaba. Mzee alivuta kiti karibu, akaegemeza kidevu kwenye fimbo, akawa anaangalia mkono wangu. Nimechomea mbele ya wakubwa wa magereji sikuogopa hivyo. Nilikuwa naogopa kwa sababu safari hii nilijua jina na uso wa atakayekuwemo garini: ni mtu aliyenipa risasi ya kwanza kiganjani. Niliitua pasi chini, nikamwambia Mzee, mimi siwezi, naogopa. Hakunifariji. Aliniambia kwamba siku nitakayochomea bila kuogopa nimletee pasi anirudishe kwenye droo yake nianze upya.

Nikachomea. Nikachomea na miguu ya jirani ambayo haikuwa na ufa, ilikuwa na ukungu tu, na ukungu ni ufa ambao haujaamua. Tukairudisha kwenye friji, tukaigonga tena na tena. Haikuzima. Ile friji mpaka leo nikiifungua nasikia harufu ya dawa ya kuchomea, ingawa mume wangu anasema ni mawazo yangu.

Mzee alirudi nyumbani, na mimi nikapanda nao Kilema, nikalala kwa Yasinta, gari likalala nje kwenye ukungu ili lipate baridi yake kamili. Asubuhi ya Ijumaa bati lake lilikuwa linatoa maji. Nilikaa mbele kushoto, mahali pangu. Nikamwambia Mzee asubiri, tushuke kwanza sisi wawili kwa majaribio, tukirudi salama tumchukue. Alikuwa amesimama mlangoni, amevaa koti la Jumapili.

"Aliyechomea ndiye anayeshuka," nilimkumbusha.

"Na mimi nimechomea," alisema. "Nimechomea kwa mkono wako."

Akafungua mlango wa nyuma akaingia. Hakuna aliyethubutu kumtoa.

Sitasahau ule mteremko. Kila tuta nililisikia kwenye meno. Yasinta alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, anasali Salamu Maria chinichini, na mimi Mlutheri nikajikuta namwitikia. Kwenye kona ya korongo taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi. Nilipiga kelele. Nikasema simamisha, simamisha, jamani! Akasimamisha. Injini ilikuwa inanguruma vizuri tu. Mzee akachungulia katikati yetu, akatazama ile taa, akatuambia ni ya mafuta, gari lina njaa. Tulicheka, kisha tukashuka mpaka kwenye lami kuu, tukaweka mafuta, na Mzee akafika kwenye mashine yake kwa wakati.

Mngedhani woga uliishia pale. Haukuisha. Sikuweza kushuka nao kila siku ya kliniki, nilikuwa na kazi, kwa hiyo nilimwomba Yasinta kitu kimoja: akishamaliza kona zote na kufika lami, anibipu. Asiongee, asiandike, anibipu mara moja tu akate. Siku hizi watu wanatumiana mpaka picha za uji, lakini sisi tulibaki na bipu yetu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nilikuwa nakaa barazani Rau na chai ambayo siinywi, simu juu ya meza pale pale nilipochomea. Nilikuwa nawaza ile rilei, nawaza kama pini moja niliipasha kidogo. Mume wangu alijifunza kutonisemesha. Simu ikilia mara moja ikakata, nilikuwa nasema asante Mungu, ndipo nakunywa chai, imeshapoa. Mwaka mzima na zaidi, gari halikuzima.

Jumatano ile bipu ilikuja kama kawaida. Nikasema asante Mungu, nikanywa chai, nikavaa viatu niende gereji. Sikuwa nimefika getini simu ikalia tena, na safari hii haikukata. Iliendelea kulia. Nilijua. Kati yetu simu ya kuendelea kulia haikuwa na kazi nyingine.

Yasinta alikuwa kwenye maegesho ya hospitali. Alizunguka kumfungulia baba yake mlango, akamshika mkono amsaidie kushuka, na mkono haukumshika. Mzee alikuwa ameegemea kioo, kofia imeteremka machoni. Kwenye kona ya korongo, alisema, baba aliongea, akamwambia hapa ndipo lilipokuwa linatutesa. Baada ya hapo alinyamaza, na Yasinta alidhani amesinzia, maana alikuwa na tabia ya kusinzia kona zikiisha. Madaktari walisema moyo umesimama wenyewe, bila kelele.

"Dada," Yasinta aliniuliza, "nilipokubipu, baba alikuwa hai?"

Nilimwambia tu abaki hapo hapo, nakuja.

Tulimzika kihambani kwake, kati ya migomba na kahawa. Maneno yakarudi, tena yakiwa na nguvu. Shangazi alisema mbele ya watu, hakunitaja lakini alinitazama, kwamba gari lilikataa kumtoa mzee nyumbani, wakalilazimisha, na angalieni amefia wapi. Nawaambieni ukweli, vijana: nimechomea vitu vingi, sikuwahi kuogopa kama nilivyoogopa pale kwenye viti vya msibani, nimeshika sahani ya nyama siiwezi. Najua rilei. Najua baridi inavyobana shaba. Ufa niliuona kwa macho yangu chini ya lenzi. Hata hivyo sehemu moja ndani yangu, ile iliyozaliwa Kirua na kulelewa na bibi, iliuliza: je, kama gari lilikuwa linajua? Nilimtafuta Mzee kwa macho animalizie ubishi huo, kwa mazoea, kisha nikakumbuka yuko wapi. Mwaka mzima aliopata, nilijiambia, ulipita kwenye ile risasi, na kahawa ya mwisho aliivuna mwenyewe. Nikaweza kula vipande viwili.

Siku watu walipotawanyika, Yasinta alitakiwa kushuka mjini kufuata karatasi za hospitali. Nilimkuta amesimama kando ya gari, ufunguo mkononi, asubuhi ya baridi, bati linatoa maji kama siku ile. Jani la isale bado lilikuwa kwenye kioo, limekauka. Aliniambia hawezi kulishusha. Halimtishi kuzima, alisema, linamtisha kutozima. Nilizunguka nikafungua mlango wa mbele kushoto, nikakaa, nikafunga mkanda.

Tulishuka. Kwenye kona ya korongo alipunguza mwendo mpaka nikadhani anasimama, akatazama kioo cha nyuma, kwenye kiti kitupu, akaendelea. Macho yangu yalikuwa wazi. Mkono wangu ulikuwa umeshika mlango. Injini haikukohoa hata mara moja.

Tulipofika kwenye lami kuu akaegesha pembeni, kama alivyokuwa akifanya siku zote. Akachukua simu yake, akabonyeza bila kuangalia, na ndani ya mkoba wangu, kwenye mapaja yangu, simu ikalia mara moja ikakata.